Reli nyepesi ikiongezwa hadi mtaa mpya: msiulize kilomita, ulizeni treni ngapi

#1 Mpanga Ratiba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mji wowote wenye reli nyepesi, yaani treni ndogo za umeme za mjini kama tramu, hufika siku ramani inatandazwa mezani na mtu anavuta mstari mwekundu kutoka kituo cha mwisho hadi mtaa unaokua. Mstari ukishachorwa, mjadala wote unahamia hapo: una kilomita ngapi, utapita wapi, nani atabomolewa. Nimepanga ratiba za treni za mjini kwa miaka mingi, na leo nimekuja kuulalamikia huo mstari.

Shika kalamu. Chukua njia ambayo treni inatoka mwisho mmoja, inakwenda, inageuza, inarudi na kugeuza tena kwa dakika 80. Unataka treni ipite kila dakika 5. Gawanya 80 kwa 5, unapata treni 16 zinazotakiwa kuwa njiani kwa wakati mmoja. Sasa ongeza kilomita 4. Ukijumlisha kusimama vituoni na kungoja taa za makutano, wastani wa kilomita 24 kwa saa si mbaya kwa reli nyepesi. Hizo kilomita 4 ni dakika 10 kwenda, 10 kurudi. Mzunguko umefika dakika 100. Ukitaka dakika 5 zilezile, unahitaji treni 20.

Na zile nne zisiponunuliwa? Treni 16 zinasambazwa kwenye dakika 100, zinapita kila baada ya dakika 6 na robo. Saa iliyokuwa na treni 12 sasa ina 9.6. Kama treni inabeba watu 200, umetoka watu 2,400 kwa saa kwa upande mmoja ukashuka hadi 1,920. Yaani umeongeza abiria wa mtaa mzima, na siku hiyohiyo umepunguza nafasi kwa moja ya tano. Siku ya kukata utepe hakuna atakayeliona hilo. Litaonekana Jumatatu asubuhi.

Edinburgh wanatoa mfano mzuri, na wameupata kwa bahati mbaya. Reli yao ilifunguliwa Mei 2014 baada ya ujenzi uliojaa migogoro, ikagharimu pauni milioni 776 na ikaishia katikati ya mji badala ya kufika Newhaven kama ilivyokusudiwa mwanzo. Ila treni 27 zilikuwa zimeshaagizwa kwa ajili ya njia nzima. Zikabaki nyingi kuliko njia. Walipokuja kuongeza kilomita 4.7 hadi Newhaven, wakafungua Juni 2023 kwa pauni milioni 207, hawakuhitaji kununua hata treni moja. Kosa la kwanza likalipia la pili. Miji mingi haina bahati ya kukosea hivyo.

Karibuni tujadili. Mwenye swali la mtaa wake alete, tutapiga hesabu pamoja.

#2 Mwisho wa Lami

Mkuu, hesabu nimeielewa lakini naomba kupinga kidogo. Sisi tunaoishi kwenye mitaa mipya tumeambiwa "subirini" tangu nyumba zikiwa misingi. Mara subirini wakazi waongezeke, mara subirini upembuzi yakinifu. Wakati huo kila mtu ananunua gari, na akishanunua gari humtoi tena. Hizo treni nne zitafuata tu, reli ije kwanza.

#3 Mpanga Ratiba

Kuhusu kuwahi nakubaliana nawe kabisa. Freiburg, Ujerumani, walijenga kitongoji cha Rieselfeld na tramu ikaanza kuingia 1997, muda mfupi baada ya wakazi wa kwanza kuhamia, na upande mkubwa bado ni vifusi na kreni za ujenzi. Mtu alihamia akiikuta tramu ipo, akapanga maisha yake kwa kuifuata. Vauban, kitongoji kingine cha mji huohuo, tramu ilifika 2006, wakati watu walishahamia miaka kadhaa.

Lakini kuwahi nako kuna upande wa pili. Dublin walirefusha njia ya kijani ya Luas, reli nyepesi yao, hadi Cherrywood na Brides Glen, wakafungua Oktoba 2010. Mpango ulitegemea nyumba nyingi kujengwa kando ya reli, na waendelezaji ardhi walikuwa sehemu ya mpango wa fedha. Katikati hapo soko la nyumba Ireland likaanguka. Reli ikafika, nyumba hazikufika. Vituo viwili, Brennanstown na Racecourse, vilijengwa, ila treni zikawa zinavipita bila kusimama kwa sababu hakuna wa kumshusha wala wa kumpandisha. Hebu jiweke kwenye kiti cha dirishani: jukwaa la zege jipya, halina mtu, linapita.

Cherrywood baadaye ikaanza kujengwa kweli, kwa hiyo siiti kazi bure. Ninachosema ni kwamba "reli kwanza" inafanya kazi pale anayejenga nyumba na anayejenga reli wanapokuwa na kalenda moja.

#4 Kituo cha Kati

Nashangaa hakuna anayetutaja sisi wa katikati. Naishi vituo sita kutoka mjini. Zamani treni ilikuwa inaanzia kituo cha tatu kabla ya changu, inafika kwangu ina viti. Waliporefusha njia, treni inafika imejaa hadi mlangoni. Wa mwisho wa reli wamekaa wanasoma simu. Mimi nasimama jukwaani naangalia ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu najibana ubavu. Nalipa nauli sawa na wao na nyumba yangu iko karibu kuliko yao.

Na ukisema hivyo kwenye mkutano unaonekana una roho mbaya, hutaki wenzako wapate usafiri.

#5 Mwisho wa Lami

Pole dada, lakini sisi tusingekuwa kwenye treni tungekuwa barabarani mbele yako na magari yetu.

#6 Mpanga Ratiba

Nyote wawili mna haki, na ndiyo maana hesabu ya #1 ni muhimu kuliko ramani.

Kuna dawa ya nusu ambayo sisi wa ratiba huipenda: treni za nusu njia. Treni moja inakwenda hadi mtaa mpya, inayofuata inageuzia kituo cha zamani cha mwisho na kurudi mjini ikiwa tupu. Dada wa #4 angeipata hiyo ikiwa na nafasi. Bei yake ni kwamba mtaa mpya unapata treni kila dakika 10 badala ya 5. Na inataka kitu kimoja ambacho wachoraji hukisahau: pale kwenye kituo cha zamani lazima pabaki swichi za kuvusha treni kutoka reli moja hadi nyingine, na ikiwezekana reli ya tatu ya kugeuzia pembeni, ili inayogeuza isiizuie inayopita. Mara nyingi njia ikirefushwa, swichi za kituo cha mwisho cha zamani zinang'olewa kwa sababu "hazihitajiki tena". Miaka mitatu baadaye zinatafutwa kwa bei ya juu na njia inafungwa wikiendi nne mfululizo ili zirudishwe.

#7 Dereva Mstaafu

Vijana, ngoja mzee niwaambie kuhusu kugeuza maana mmeitaja kama kitu cha dakika sifuri.

Treni yangu ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 40. Nafika kituo cha mwisho, nafungua milango, abiria wanashuka. Naweka breki ya kuegesha, nachomoa ufunguo, nachukua begi langu, kijitabu na chupa ya maji. Nafunga mlango wa kibanda. Sasa natembea hizo mita 40 kwenda kichwa cha pili, na jukwaa limejaa watu wanaosukumana kuingia upande mmoja na wanaotoka upande wa pili. Mama ananisimamisha ananiuliza kama hii inafika hospitali. Namjibu, siwezi kumpita kama jiwe. Nafika, nafungua kibanda, nachomeka ufunguo, nasubiri mitambo iamke, najaribu breki, naangalia vioo, naangalia taa ya ishara. Ukiwa mwepesi, dakika tatu. Ukiwa na miaka 58 kama nilivyokuwa, nne. Na hapo sijaenda msalani.

Kwenye ratiba waliniwekea dakika mbili.

Mwisho wa reli ukiwa na jukwaa moja tu, treni ya nyuma yangu inasimama nje ya kituo inanisubiri. Abiria wake wanaona kituo kwa macho, mita 100, na milango haifunguliwi. Matusi yote yanakuja kwangu.

#8 Mpanga Ratiba

Mzee wangu, shikamoo. Waliokuwekea dakika mbili ni sisi, naomba radhi kwa niaba ya chama.

Dawa yake ipo na ni ya kizamani: dereva wa ziada anakaa mwisho wa njia. Treni ikiingia, yeye tayari amesimama pale kichwa cha pili kitakaposimama. Anaingia palepale, treni inaondoka. Wewe uliyeileta unatembea taratibu, unakunywa maji, unaichukua inayofuata. Treni inageuka haraka na mwanadamu anapumzika. Gharama yake ni dereva mmoja zaidi kwa zamu, ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na treni.

#9 Dereva Mstaafu

Marahaba. Kwetu walianzisha hiyo mwaka niliostaafu. Ndiyo bahati yangu hiyo.

#10 Fundi Umeme

Nimeona treni na madereva wamehesabiwa, umeme hapana.

Reli nyepesi nyingi zinatumia volti 750 za umeme wa mkondo mnyoofu. Volti hizo ni ndogo kwa kusafirisha mbali, kwa hiyo kila kilomita mbili hivi unahitaji kituo cha kupoza na kugeuza umeme. Ukirefusha njia kilomita 4 utahitaji viwili, pengine vitatu, kila kimoja na kiwanja chake, uzio wake na laini yake ya kukilisha. Kiwanja cha kituo cha umeme kwenye mtaa unaokua ndicho kitu cha kwanza kuuzwa kwa mtu mwingine wakati mradi unasubiri saini.

Ukibana umeme, siku ya kawaida utaona uko sawa. Siku njia ikiziba kwa dakika 20 halafu ikafunguliwa, treni tano zinang'oa pamoja. Volti zinashuka, kila treni inajipunguzia nguvu yenyewe, zinatambaa. Mnasema dereva mvivu.

Jingine dogo linalonifurahisha: treni ya kisasa ikifunga breki, mota zake zinakuwa jenereta na umeme unarudi kwenye waya. Lakini unarudi kwa nani? Lazima kuwe na treni nyingine karibu inayoondoka wakati huohuo ili iutumie. Katikati ya mji zipo. Kwenye ncha mpya ya njia, treni moja kila dakika 10, hakuna wa kuupokea, kwa hiyo unaunguzwa kama joto kwenye vipinga juu ya paa. Ncha ya reli ndipo umeme unapotupwa zaidi.

#11 Kifua Mbele

Maneno mengi. Wekeni mabasi yaendayo haraka, gharama ni sehemu ndogo tu, mmalize uzi.

#12 Mpanga Ratiba

Kwa mtaa ambao abiria wake wanajaa basi moja kila dakika tano, nakuunga mkono bila aibu, na reli wangeiacha. Ila pale njia kuu tayari ni reli, basi lina maana kwamba kila mtu anashuka na kubadili kwenye kituo cha zamani. Mvua ikinyesha, ukiwa na mtoto mgongoni, huko kubadili ndiko kunakokurudisha kwenye gari. Inategemea watu ni wangapi. Hakuna jibu moja linalofaa miji yote.

#13 Msoma Mikataba

Nani analipa? Ndilo swali langu.

#14 Mpanga Ratiba

Ardhi, kama una akili ya kuwahi. Siku mstari mwekundu unapotangazwa, viwanja vya kando ya vituo vinapanda bei kabla hata jiwe la msingi halijawekwa. Swali ni faida hiyo inaingia mfuko wa nani. Copenhagen, kwa eneo jipya la Ørestad, ardhi ilikuwa ya umma. Wakaunda shirika la kuendeleza eneo mwaka 1993, wakakopa, wakajenga njia ya treni iliyofunguliwa 2002, na fedha za kuuza viwanja zikawa sehemu ya kulipa deni. Treni zao ni za aina tofauti na hizi tunazozungumzia, lakini kanuni ya fedha ni ileile. Viwanja havikuuzika kwa kasi waliyotarajia na deni lilikaa muda mrefu kuliko mpango. Hata hivyo angalau faida ya ardhi ilirudi kwenye reli. Mahali pengi inarudi kwa aliyeisikia habari mapema.

#15 Fundi Umeme

Umesahau vipuri. Addis Ababa walifungua reli yao 2015, njia mbili na treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimelala karakana kwa kukosa vipuri. Njia ipo, waya upo, abiria wapo, treni haiwezi kutoka kwa sababu ya kifaa ambacho lazima kiagizwe nje kwa fedha za kigeni. Kabla ya kurefusha chochote, waulize treni ngapi zinaamka asubuhi, achana na ngapi zilinunuliwa.

#16 Mpanga Ratiba

Hapo umenipiga bao. Naongeza moja la majukwaa kisha nanyamaza. Reli ya Docklands, London, ilifunguliwa 1987 ikiwa na treni 11 na vituo 15, ikajengwa kwa bajeti finyu ya pauni milioni 77. Treni ni behewa moja moja, majukwaa mafupi. Eneo likalipuka kwa majengo ya ofisi na njia ikaelemewa karibu mara moja. Wakaenda mabehewa mawili, na zaidi ya miaka 20 baada ya kufunguliwa wakafikia matatu. Kituo cha South Quay kilikuwa kimebanwa kati ya kona mbili kali, jukwaa lisingeweza kurefushwa, basi mwaka 2009 kituo kizima kikahamishwa mita zaidi ya 100. Cutty Sark kiko chini ya ardhi, hakirefushiki, kwa hiyo hadi leo milango ya ncha za treni haifunguki pale. Ukikaa behewa la mwisho bila kujua, unakiona kituo chako kupitia dirishani kikiondoka.

Zege la jukwaa refu kwenye mtaa mpya leo ni bei ya zege tu. Kesho ni bei ya zege, kufunga njia, na kesi mahakamani.

#17 Mwisho wa Lami

Mkuu, Alhamisi kuna mkutano wa wananchi kuhusu njia ya kwetu. Wanataka kuongeza kilomita 4 hivi. Nikipewa dakika moja kwenye kipaza sauti, niulize nini?

#18 Mpanga Ratiba

Namba nne tu. Mnazo treni ngapi. Ngapi zinatoka saa ya asubuhi yenye watu wengi, na zinapita kila baada ya dakika ngapi. Mradi unanunua ngapi. Karakana inalaza ngapi. Watakuonyesha picha za kituo chenye miti na watoto wa baiskeli, wewe shikilia namba.

Hiyo ya karakana watu hawaiulizi kamwe. Seattle walipofungua njia hadi Lynnwood, Agosti 2024, vituo vinne vipya, wasiwasi mkubwa ulikuwa msongamano, kwa sababu treni nyingine zilikuwa zinalala karakana ya ng'ambo ya ziwa na reli ya kuvuka daraja ilikuwa bado haijakamilika. Mipango ya awali ilitegemea njia zote mbili zisaidiane kubeba watu. Treni zilikuwepo, zilionekana, hazikuweza kuvuka.

#19 Kituo cha Kati

Na mimi naomba uniulizie kama swichi za kituo chetu zitabaki. Sitaweza kuja, niko zamu.

#20 Mwisho wa Lami

Wakuu, nimerudi. Nilipewa dakika moja, nikachukua tatu.

Mhandisi alikuwa muungwana. Alipekua jalada, akampigia mtu simu, akarudi na namba kwenye karatasi. Treni zipo 22. Asubuhi zinatoka 18, kila dakika 5. Mradi unanunua 3. Karakana inalaza 24. Dada wa #19, swichi zenu zinabaki, aliapa mbele ya watu.

#21 Mpanga Ratiba

Safi sana. Tupige.

Treni 18 kila dakika 5 maana yake mzunguko ni dakika 90. Ongeza 20 za kwenu: 110. Gawanya kwa 5: treni 22 njiani. Jumla watakuwa nazo 25, kwa hiyo zinabaki 3 za akiba na matengenezo. Ni kidogo, mafundi wao watalalamika, na kama Fundi Umeme ana haki kuhusu vipuri, mwaka wa tatu watakuwa wanatoa 20. Ila si mradi wa ovyo. Kuna mtu pale alipiga hesabu.

Tatizo ni karakana. Treni 25, nafasi 24. Moja haina pa kulala.

#22 Mwisho wa Lami

Kwa hiyo?

#23 Mpanga Ratiba

Kwa hiyo ama wapanue karakana, ambayo haimo kwenye namba ulizotuletea, ama moja ilale kwenu, kwenye kipande cha reli nyuma ya kituo kipya. Itataka uzio, taa, mlinzi, na mtu wa kuifagia usiku. Angalia kwenye mchoro kama reli inaendelea mita 50 au 60 baada ya jukwaa au inaishia palepale.

#24 Mwisho wa Lami

Nimeangalia. Inaendelea kidogo, kuna mistari miwili mifupi. Sikujua ni ya nini.

Ina maana treni ya kwanza asubuhi itaanzia kwetu?

#25 Dereva Mstaafu

Ikilala huko, ndiyo. Na dereva wake ataamka saa tisa usiku kuifuata, na saa hiyo hakuna treni ya kumpeleka. Muulizeni mhandisi huyo dereva atafikaje.